Alama 72 si wahakiki 72 kati ya 100

Mashabiki wengi Kampala wakiona albamu ya pop imepewa 72 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, husema wahakiki 72 kati ya 100 wameipenda. Sivyo. Hesabu ya waliopenda ni ya Rotten Tomatoes, tovuti nyingine ya uhakiki, tena ni ya filamu na vipindi vya televisheni.

Metacritic hutafuta wastani. Kila uhakiki hugeuzwa alama: nyota 3 kati ya 5 huwa 60, nyota 4 huwa 80. Chukua wahakiki wanne: 60, 60, 80 na 88. Jumla 288, gawa kwa 4, unapata 72. Hesabu halisi huongeza uzito kwa baadhi ya magazeti, na tovuti haitangazi uzito huo.

Angalia 60 mbili zile: huenda zimetokana na kigezo cha mhakiki. Mtunzi-mwimbaji akiegemea besi na ngoma, anayepima mashairi humpunguzia, anayepima mdundo humpandishia. Basi soma maandishi yenyewe, kisha sikiliza kwa hedifoni, si spika ya simu: uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika hiyo ndogo huimeza sauti hiyo nzito karibu yote.