Tiketi ya kuendelea na safari si ruhusa ya kuingia Guangzhou

Imani hii ni ya siku nyingi: ukiwa na tiketi ya kuendelea na safari, unatoka uwanja wa ndege na kuzunguka mjini bila viza. Kwa China, uliko mji wa Guangzhou, huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza wasafiri wetu.

Msamaha wa viza wa saa 24 kwa anayepitia China upo, na unawahusu hata Wakenya na Watanzania. Ila unakuruhusu kupita tu. Ukitaka kutoka nje, lazima uombe kibali cha kuingia kwa muda kwa maafisa wa uhamiaji palepale uwanjani, nao wanaweza kukataa. Ule wa saa 240 unaosifiwa sana mitandaoni ni wa nchi zilizoorodheshwa, zetu hazimo.

Tena tiketi iwe ya kwenda nchi ya tatu. Nairobi–Guangzhou–Bangkok inakubalika, Nairobi–Guangzhou–Nairobi haikubaliki, hata kama utakaa saa sita. Hong Kong nayo huhesabiwa kama eneo la tatu.

Ukigongewa kibali, panda metro ya laini ya 3. Mimi ningekwenda Xiaobei, mtaa waliouzoea wafanyabiashara wa Kiafrika, na tiketi iliyochapishwa ningekuwa nayo mkononi.