Je, wajua kwa nini kuna bustani zinazojengwa ili zifurike?

Aliyekaa Dar es Salaam masika mawili matatu anaijua habari ya Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Mvua inapiga usiku kucha, asubuhi inatangazwa kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni, na mwenye haraka ya kufika Kariakoo anaanza kuhesabu njia za kuzunguka. Kila mwaka watu huuliza swali lile lile: huu mto utazuiwa lini?

Wasanifu wa mandhari wana swali jingine. Wao huuliza: mto ukija mjini, ulale wapi?

Msanifu wa mandhari wengi tunamdhani ni fundi wa maua, anayeitwa jengo likishaisha ili apande ukoka na kupaka chokaa mawe. Kazi yake hasa ni kila kilicho nje ya kuta: ardhi ipande wapi na ishuke wapi, maji yapite upande gani, mti gani usimame karibu na benchi, mama mwenye mtoto akae wapi jua likiwa utosini. Katika miji mingi duniani watu hawa sasa wanasanifu bustani na viwanja ambavyo, mvua kubwa ikija, vinatakiwa vijae maji. Vimechimbwa kwa ajili hiyo.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu ajenge bustani ili izame? Anza na hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika haimshangazi mtu wa pwani, inaumwagia uwanja huo lita 357,000. Kwa boza la lita 10,000 hizo ni safari 36 hivi, kwa kiwanja kimoja tu.

Uwanja huo ukiwa na miti, majani na udongo uliolegea, sehemu kubwa ya maji inazama, nyingine inanaswa kwenye majani ya miti, na inayobaki inatambaa taratibu kuelekea mtoni. Uwanja huo huo ukiumwagia zege au kuupanga vitofali vya pevingi, karibu maji yote yanaondoka, tena yanaondoka kwa pamoja. Huko kuondoka kwa pamoja ndiko kunakoua. Fikiria kituo cha daladala jioni. Abiria wangekuwa wanafika mmoja mmoja tangu saa tisa mpaka saa tatu usiku, hakuna ambaye angeingilia dirishani. Wakifika wote saa kumi na moja, viatu vinapotea. Mtaro wa zege tunaoufurahia mtaani kwetu kazi yake ni kuwaharakisha abiria hao wafike kituoni mapema zaidi. Mtaa wa juu unakauka, wa chini unazama, na mwenye nyumba wa chini anaambiwa alijenga pabaya.

Bustani inayofurika ni mahali pa maji kusubiri zamu yao. Yanaingia kwa kasi, yanatolewa kidogo kidogo, au yanaachwa yazame ardhini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki; wasanifu hawa wameamua kubishana na methali.

Wazo si jipya. Frederick Law Olmsted ni Mmarekani ambaye mwaka 1858, pamoja na Calvert Vaux, alishinda shindano la kusanifu Central Park ya New York. Miaka 20 baadaye jiji la Boston lilimpa bwawa la tope lililokuwa likinuka, mahali ambapo maji ya bahari yaliyojaa na kupwa yalikutana na vijito viwili na maji machafu ya mji. Alichokijenga pale, Back Bay Fens, mpita njia alikiona kama bustani yenye nyasi na mto unaojipinda. Kwa kweli kilikuwa beseni la kupokea mafuriko, lililopandwa mimea inayovumilia maji ya chumvi. Kisha mwaka 1910 ukuta wa kuzuia maji ya bahari ukajengwa kwenye Mto Charles, chumvi ikaacha kufika, na mimea ile ikafa. Msanifu anaweza kupanga kila kitu ndani ya eneo lake, halafu mtu mwingine akageuza mto huko chini.

Karne ya 20 ilikuwa karne ya mabomba na zege, na wazo la Olmsted likawekwa pembeni.

Aliyelirudisha kwa kishindo ni Mchina, Kongjian Yu, aliyezaliwa mwaka 1963 kijijini katika jimbo la Zhejiang. Alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alitumbukia kwenye kijito kilichofurika. Matete na mizizi ya miti ya ukingoni ilikuwa imepunguza nguvu ya mkondo, akayashika, akatoka. Baadaye, alipoona serikali za miji zikiziziba kingo za mito kwa kuta za zege, alisema waziwazi kwamba kama kijito chake kingekuwa kimejengewa hivyo, angekufa. Mwalimu wake mkubwa, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wakulima wa kijijini kwao: madimbwi, matuta, na mashamba yanayoshika maji yasikimbie. Aliyeona majaluba ya mpunga Usukumani hatahitaji picha. Ni ufundi ule ule wa kuliambia tone la maji: ngoja kwanza.

Julai 2012 mafuriko yaliua watu 79 mjini Beijing, na mwaka uliofuata China ikalichukua wazo la "miji sifongo", yaani miji inayofyonza maji ya mvua kama sifongo, kuwa sera ya taifa. Katika mji wa Jinhua, mkoani kwao, Yu alisanifu bustani ya Yanweizhou, iliyokamilika mwaka 2014. Ukuta wa zege wa kuzuia mafuriko ulibomolewa, kingo zikachongwa kama ngazi pana za shamba la mlimani, na daraja la waenda kwa miguu likapitishwa juu, mahali maji yasipofika. Mto ukijaa, ngazi za chini zinamezwa, watu wanaendelea kupita juu. Maji yakirudi, yanaacha tope lenye rutuba na majani yanachipua bila mbolea ya dukani. Yu alifariki Septemba 2025 kwa ajali ya ndege ndogo nchini Brazil.

Wengine wamefanya kwa njia nyingine. Mjini Bangkok, mwaka 2017, ilifunguliwa Chulalongkorn Centenary Park, kazi ya msanifu Kotchakorn Voraakhom. Bustani nzima imeinamishwa nyuzi 3, kama sinia lililowekewa kijiti upande mmoja. Mvua inaanzia kwenye paa la majani upande wa juu, inashuka kupitia vidimbwi vya mimea inayoisafisha, na kuishia kwenye bwawa upande wa chini. Inaweza kushika lita milioni 3.8 hivi. Kuna hata baiskeli zisizokwenda popote ambazo ukizikanyaga pedeli zake zinayakoroga maji yapate hewa. Rotterdam, mji wa Uholanzi ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, ina uwanja wa Benthemplein uliofunguliwa mwaka 2013. Siku ya jua ni uwanja wa mpira wa kikapu wenye ngazi za kukalia pande zote. Siku ya mvua kubwa ni bwawa.

Mwafrika Mashariki akisoma hapa anauliza swali la haki: na mbu je?

Mbu anahitaji maji yaliyosimama kwa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka yai liwe mbu anayeruka. Bustani iliyosanifiwa vizuri humaliza maji ya mafuriko ndani ya siku moja au mbili, na pale panapoachwa bwawa la kudumu panakuwa na samaki na wadudu wanaokula viluwiluwi. Dimbwi la hatari zaidi ni lile lisilosanifiwa na mtu: tairi, kifuu, mtaro ulioziba kwa mifuko na chupa. Lakini sitaki kulipitia swali hili harakaharaka, maana jibu lake zuri lina neno "iliyosanifiwa vizuri" na mimi ningeongeza "inayosafishwa". Tundu la kutolea maji likizibwa na chupa za plastiki, bustani ya kisasa inakuwa dimbwi kama madimbwi mengine, ila lenye mabenchi.

Kikwazo cha pili ni ukubwa wa mvua yenyewe. Julai 2021 mji wa Zhengzhou, nchini China, uliokuwa umetumia fedha nyingi kwenye mpango huo wa sifongo, ulipata milimita 201.9 ndani ya saa moja. Hakuna sifongo la kunywa hiyo. Bustani hizi huokoa mji kwenye mvua za kila mwaka na zile kubwa za kadiri. Kwenye mvua ya namna ile kinachookoa ni taarifa ya mapema na njia ya kukimbilia.

Kwa jirani zetu, Kigali imekwenda mbali kuliko wengi wetu. Ilianza kwa kuviondoa viwanda kwenye ardhi oevu ya Gikondo, na mwaka 2022 ikafungua Nyandungu, hifadhi ya mjini ya hekta 121 hivi kwenye bonde lililokuwa limechakaa. Pamepandwa miti ya asili kwa maelfu, pana njia za baiskeli na vidimbwi vinavyopokea maji kutoka vilimani. Kuingia ni kwa kiingilio. Hapo moyo wangu hugawanyika: fedha za kutunza lazima zitoke mahali, lakini bonde lililokuwa la kila mtu likishakuwa na geti, lazima kuna mtoto anayechungulia kutoka nje.

Turudi Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatandaa Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Bonde hili ni kitu cha ajabu. Timu zetu mbili kubwa za mpira zote zina jina lake mdomoni: Yanga ni watoto wa Jangwani, Simba ni Wekundu wa Msimbazi kwa sababu ya mtaa wenye jina la mto. Hapa ndipo palipofanyika mikutano mikubwa ya kampeni, hapa ndipo mchicha wa nusu ya mji ulipolimwa, na hapa ndipo wasio na pa kujenga walipojenga. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani, kisha matingatinga. Karibu wakati huo huo, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilikuwa imewekwa pale pale bondeni, na mabasi mapya yakaja kuogelea. Mkazi wa mabondeni alikuwa na haki ya kucheka kidogo.

Mpango wa sasa wa bonde hili, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ndani yake una wazo hili hili la bustani inayofurika. Mto uchimbwe na kupanuliwa sehemu ya chini. Udongo unaotoka uinue kingo za bonde, pajengwe hapo juu. Katikati pabaki bustani ya jiji, iachwe imezwe na maji siku zake. Daraja la Jangwani lijengwe jipya, juu zaidi, na karakana ihame.

Kwenye karatasi ni kazi nzuri. Mimi nina mashaka mawili. La kwanza ni mchanga. Kila kilima kinachokwanguliwa kwa ajili ya viwanja huko Pugu na Kisarawe kinaletwa na mvua mpaka chini ya daraja, na ndiyo maana mitambo huchimba pale mwaka huu na kurudi mwakani. Bustani ya chini haiwezi kuponywa bila miti na matuta ya juu, na huko juu hakuna mgeni wa kumpeleka kukata utepe. La pili ni watu. Waliohamishwa kupisha mpango huu walilipwa fidia, na wapo waliolalamika kwamba fedha hizo hazinunui kiwanja kingine karibu na mji. Itakuwa ajabu bustani ikikamilika halafu aliyeishi pale miaka thelathini, akiijua tabia ya mto kuliko mhandisi yeyote, anakuja kuitazama kwa nauli ya daladala mbili.

Huhitaji kusubiri Jangwani ikamilike ili uone jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Mvua ikinyesha tena, simama kibarazani utazame bustani ndogo za katikati ya barabara, zile zenye ukoka na maua. Nyingi zimejengewa kingo na kujazwa udongo mpaka zikawa juu kuliko lami. Maji yanatoka kwenye maua yanashuka barabarani, yanabeba na udongo, yanakwenda mtaroni. Wiki mbili baadaye jua likiwaka, boza linakuja kuyamwagilia maua yale yale. Bustani hiyo ikichimbwa iwe chini ya lami kwa kina cha shubiri moja, na ukingo ukatobolewa kila baada ya hatua chache, maji ya barabarani yangeingia yenyewe.