Maziwa yakibaki tumboni mwa njiti

Swali la nasari, yaani wodi ya watoto wachanga, Kisumu hata Nakuru, ni lilelile: mbona saa tatu zimepita na maziwa bado yako tumboni? Kwa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, tuseme wiki ya 29 ya mimba, hilo si ajabu. Utumbo upo, ila haujazoea kazi. Unajikunja kipande kipande bila kupokezana. Mawimbi yenye mpangilio huanza kuonekana karibu na wiki ya 32 hadi 34, wakati uleule mtoto anapoanza kumudu kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja.

Hivyo tunamlisha kwa mpira mwembamba unaofika tumboni. Upime kutoka puani hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya chembe cha moyo na kitovu. Ukiwa mfupi, maziwa yanaishia kwenye umio.

Mtoto wa kilo 1.2 akianza na mililita 20 kwa kilo kwa siku, ni 24 kwa siku, yaani 3 kila baada ya saa tatu. Dang'a ya mama itangulie. Toa kisukumio cha bomba la sindano, mimina, maziwa yashuke yenyewe. Akivumilia, ongeza 30 kwa kilo kila siku, kama 4.5 kwa kila mlo.

Kuvuta mabaki kabla ya kila mlo mimi sikupendi: kunachelewesha ulishaji bure. Tazama rangi ya yanayorudi, na tumbo. Meupe, tumbo laini? Endelea. Ya kijani kibichi, simamisha na uite daktari hapo hapo, kwani huenda utumbo umeziba. Tumbo gumu linalong'aa, damu kwenye kinyesi, mtoto kulegea au kusahau kupumua: utumbo huenda umeanza kuoza, na hapo hatusubiri mlo ujao.

Tumbo lililojaa lakini laini kwa mtoto anayepuliziwa hewa puani mara nyingi ni hewa tu. Acha mpira wazi kati ya milo.

Kinyesi cheusi cha kwanza cha njiti mara nyingi huchelewa zaidi ya saa 48 tangu azaliwe. Hucheleweshwa zaidi na magnesiamu salfeti aliyodungwa mama kuzuia kifafa cha mimba, maambukizi, potasiamu kushuka, na baridi. Usiku wa Nakuru si wa mchezo, kwa hiyo kangaruu, ngozi kwa ngozi, ni sehemu ya tiba. Maji ya gripe anayoleta nyanya ili kutuliza tumbo yabaki nje ya mlango.