Umama kuwa heshima na mzigo: maana yake si mizani

Siku ya Mama ikikaribia, na msimu wa mitihani ya fasihi ukiingia, hapa Mombasa sentensi moja huzunguka redioni na kwenye insha: umama ni heshima na pia ni mzigo. Msemaji akishaitoa huanza kupima, raha upande huu, tabu upande ule, na mwisho heshima hushinda kwa kuwa nani kama mama. Nimeisikia hivyo mara nyingi mno, na kila mara riwaya za Kiafrika zinazosimulia umama hudhulumiwa.

Maana ya sentensi hiyo ni fupi. Katika riwaya za Kiafrika, hasa za waandishi wanawake tangu miaka ya 1960, mwanamke hupandishwa daraja kwa kuzaa, kisha daraja hiyohiyo hutumiwa kumdai mwili wake, jasho lake na ukimya wake. Heshima ndiyo kamba ya kufungia mzigo. Huwezi kuziweka kwenye sahani mbili ukazipima.

Mfano unaotajwa sana ni riwaya ya Buchi Emecheta, mwandishi wa Nigeria, ya mwaka 1979, The Joys of Motherhood, yaani raha za umama. Wengi husema jina hilo ni kejeli, wakaishia hapo. Wanapitwa na jambo kubwa, kwamba Emecheta alilitoa jina hilo katika mistari ya mwisho ya riwaya ya Mnigeria mwenzake, Flora Nwapa, Efuru, iliyotoka 1966. Efuru, mhusika mkuu, ni mfanyabiashara hodari, mzuri wa sura, mkarimu kwa kila mtu. Mtoto wake mmoja anafariki, hapati mwingine, na ndoa zake mbili zinavunjika. Anayemteua awe mwabudu wake ni Uhamiri, mungu wa kike wa ziwani, anayewapa wanawake uzuri na mali ilhali mwenyewe hana mtoto. Nwapa anafunga kwa kuuliza: Uhamiri hakuionja kamwe raha ya umama, mbona basi wanawake wanamwabudu? Emecheta alilichukua swali hilo akalijibu kwa kuja upande wa pili, kwa mwanamke aliyepewa watoto.

Huyo ni Nnu Ego. Ndoa yake ya kwanza kule kwao Ibuza, Nigeria, inavunjika kwa sababu hashiki mimba. Anaolewa tena Lagos, anapata mwana, na mwana anafariki angali mchanga. Anakimbilia darajani ajitose. Watu wanamkusanyikia, wengine wakimkemea, mpaka wanapoambiwa kwamba amempoteza mtoto aliyeuthibitishia ulimwengu kuwa yeye si mgumba. Hapo wote wanamwelewa. Soma tena kisa hicho polepole. Mtoto analiliwa kama cheti, na umati mzima unaona ni sawa, kwa kuwa mwanamke asiyemzalia mumewe hana cheo kwao. Heshima na mzigo vimo pamoja katika msiba mmoja.

Baadaye anapata wana na mabinti, anauza sigara, viberiti na kuni ili wale, mume anapelekwa vitani, wavulana wakubwa wanakwenda kusoma Marekani na Kanada. Anafariki peke yake kando ya barabara. Mazishi yake yanakuwa makubwa na anajengewa mahali pa kuombewa, ili wajukuu waombe uzazi kwake.

Pwani yetu ililijua jambo hili kabla ya riwaya. Mwanamke aliyejifungua alifungwa tumboni kitambaa kiitwacho mkaja, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akahudumiwa mpaka arubaini itimie. Miaka ikapita, binti akaposwa, na miongoni mwa ada za harusi likawako fungu la mama mzazi lililoitwa mkaja. Kulikuwa na jingine likiitwa ubeleko, kwa ile nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Baba alikuwa na kilemba chake. Napenda sana walivyopanga wazee: heshima ilitajwa kwa jina la kazi yenyewe, tena ilitiwa mkononi mwa aliyeifanya, akiwa hai. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na ubeleko ulikuwa malipo ya hiyo kazi ya pili. Lakini asiyezaa hakuwa na fungu katika ada hizo, hata kama alilea watoto wa ndugu zake wote. Kwa hivyo swali la Nwapa linatuhusu na sisi.

Mwanafunzi akiandika kwamba Emecheta anauchukia umama, singemnyima alama zote, maana tabu za Nnu Ego ameziona na ni za kweli. Ningemwomba tu arudi kitabuni. Nnu Ego anawapenda wanawe mwanzo mpaka mwisho, na ni yeye huyohuyo anayemuuliza Mungu ni lini atakapoumba mwanamke aliyekamilika nafsini mwake, asiyekuwa kiambatisho cha mtu. Mapenzi yake na malalamiko yake hayagombani. Anachokilalamikia ni sharti aliloekewa ili ahesabiwe kuwa mtu. Kwa hiyo, mwalimu unapotunga swali, badala ya kuuliza kipi kizito zaidi kati ya heshima na mzigo, uliza heshima hiyo alipewa nani, lini, na kwa sharti gani.