Kidonda Kufika Mfupani Hakukupi Ruhusa ya Kuandika 11044

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeulizwa kwa nini nimeandika msimbo 11042 katika dai la bima, badala ya 11044, ilhali kidonda cha kisigino "kimefika mfupani". Nimeandika hivyo kwa sababu msimbo wa usafishaji, yaani kukata tishu iliyokufa kidondani, hufuata tishu iliyoondolewa, wala si kina cha shimo. Hapa Marekani, ninakoandaa madai ya bima ya madaktari wa miguu, 11042 ni wa tishu iliyo chini ya ngozi, 11043 wa msuli au utando wake, na 11044 wa mfupa. Daktari aliyeuona mfupa, akaugusa kwa kifaa chake, kisha akakata mafuta yaliyokufa tu, amefanya 11042, hata kama mfupa huo ulimnyima usingizi.

Kinachowachanganya wengi, nakiri, ni kwamba msimbo wa ugonjwa una kanuni yake. Baada ya E11.621, yaani kidonda cha mguu cha mwenye kisukari cha aina ya pili, huandikwa msimbo wa kundi la L97, unaotaja mahali na kina cha kidonda chenyewe. Tangu Oktoba 1, 2017, tarakimu ya mwisho katika kundi hilo inaweza kuwa 5 kwa msuli au 6 kwa mfupa, vilivyofikiwa bila dalili ya kufa. Kabla ya hapo hatukuwa na namna ya kusema kwamba mfupa umefikiwa lakini ungali hai. Hivyo L97.426 (kisigino cha kushoto, mfupa umefikiwa) na 11042 hukaa katika dai moja bila kugombana, kwa kuwa wa kwanza unaeleza kidonda na wa pili unaeleza kazi ya kisu.

Maeneo yaliyosafishwa kwa kina kilekile, yaani yaliyoondolewa tishu ya aina moja, hujumlishwa: sentimita za mraba 12 na 14 ni 26, basi andika 11042 mara moja kwa 20 za kwanza na 11045, msimbo wake wa nyongeza, mara moja kwa zilizozidi, si 11042 mara mbili. Ya kina tofauti hayajumlishwi. Misimbo 11040 na 11041, iliyokuwa ya kusafisha ngozi pekee, ilifutwa mwaka 2011. Aliyeibandika ukutani aibandue.

Mimi hukwama kwenye maelezo ya "nilisafisha hadi kwenye mfupa". Je, "hadi" hiyo inaujumuisha mfupa au inaishia mlangoni pake? Zamani niliamua mwenyewe, na sina hakika kwamba kila mara niliamua sawa. Siku hizi namrudishia daktari faili aeleze alikata nini, naye hujibu kwa hasira, dai likiwa limekwisha kuchelewa.