Ukarabati ni nini hasa? Ukuta wa chokaa na jengo jipya pembeni yake

Neno "ukarabati" tunalitumia kwa ukarimu mno. Barabara inakarabatiwa, choo cha shule kinakarabatiwa, uwanja wa mpira vilevile. Likifika kwenye nyumba ya zamani mjini, linabebeshwa kazi ambazo hata hazifanani: kuziba ufa, kupaka rangi, kuigeuza nyumba kuwa hoteli, au kubomoa kila kitu na kubakiza ukuta wa mbele tu. Mtu akikwambia "ile nyumba imekarabatiwa", bado hajakwambia kitu.

Kwa wanaoshughulika na majengo ya kihistoria, kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika ili jengo liendelee kusimama na kutumika, kwa kugusa kidogo iwezekanavyo. Kurejesha ni jambo jingine: hapo unaondoa yaliyoongezwa baadaye ili jengo lionekane kama lilivyokuwa wakati fulani, na mara moja swali linazuka, wakati upi? Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar iliyojengwa enzi za masultani huenda iliongezewa roshani na fundi wa Kihindi, ikagawanywa vyumba vya wapangaji baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha ikapata duka chini. Ukifuta yote hayo umefuta na watu walioishi humo. Kuna pia matumizi mapya, yaani kulipatia jengo kazi nyingine. Dispensari ya zamani pale mbele ya bandari ya Zanzibar, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ilitengenezwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan ikawa kituo cha utamaduni. Huo wa kubakiza uso wa mbele na kujenga zege nyuma yake, kwangu mimi ni ujenzi mpya uliovaa kinyago.

Ila kabla ya falsafa kuna ukuta, na wengi huanza kuharibu hapo.

Nyumba za mawe za Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Boriti nzuri haiendi mbali sana, kama mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Upana wa sebule uliamuliwa na mti kule mikokoni.

Ukuta wa namna hii hunywa maji. Hupokea mvua ya masika, unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari, kisha jua likitoka hutoa unyevu wote kupitia lipu ya chokaa, ambayo ni laini na ina vitundu visivyoonekana. Sasa anakuja fundi, kwa nia njema kabisa, anabandua chokaa iliyochakaa na kupiga lipu ya saruji. Mwaka wa kwanza nyumba inang'aa. Maji lakini bado yanapanda kutoka chini, na njia ya kutokea yamezibiwa. Yanapanda juu zaidi, udongo wa ndani unalainika, chumvi inaganda nyuma ya saruji na kuisukuma. Pita kichochoro chochote cha Malindi au Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe, utazame kuta kuanzia magotini hadi kifuani: saruji imevimba kama mkate. Igonge kwa vifundo vya vidole, utasikia uvungu. Siku ikidondoka, inadondoka na ngozi ya jiwe.

Chokaa yenyewe ni kazi. Matumbawe yanachomwa juu ya lundo la magogo, kinachopatikana kinamwagiwa maji na kuchemka chenyewe bila moto, kisha kinaachwa kitulie kwa wiki nyingi. Mafundi wazee husema kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa tamu mkononi. Ikishapigwa ukutani hukauka polepole huku ikivuta hewa ya ukaa, na mwisho wake inarudi kuwa aina ya jiwe. Mteja anayetaka kufungua nyumba ya wageni kabla ya msimu wa watalii hana subira hiyo.

Juu darini mambo ni mabaya zaidi. Paa likivuja, mwenye nyumba anaongeza tabaka la zege. Likivuja tena, tabaka jingine. Kisha tangi la maji, kisha bafu ghorofa ya pili. Boriti huanza kuoza pale ncha yake ilipoingia ndani ya ukuta wenye unyevu, mahali ambapo hakuna anayepaona, huku mzigo juu yake ukizidi.

Hatari ya kazi hii haihitaji kutiwa chumvi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash wa Zanzibar la 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile ni jengo la aina yake, lenye nguzo za chuma na roshani pana, kwa hiyo silitaji kama kesi ya saruji. Nalitaja kwa sababu jengo kongwe linalofanyiwa kazi ni kama mgonjwa aliyeko mezani kwa daktari.

Na jengo la kisasa lina nafasi gani humu? Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huufuata, una jibu ambalo huwashangaza watu: kinachoongezwa kwenye jengo la kale kionekane ni cha leo, na urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Mfano ninaoupenda ni Neues Museum ya Berlin, jumba la makumbusho. Ilipigwa mabomu katika Vita vya Pili, ikakaa gofu miongo kadhaa, hadi msanifu majengo David Chipperfield alipoikarabati na ikafunguliwa upya 2009. Ngazi kuu iliyoteketea hakuichonga upya pamoja na mapambo yake. Aliijenga pale pale, kwa umbo lile lile, lakini kwa zege jeupe lisilo na nakshi, kati ya kuta za matofali zenye makovu. Mgeni haambiwi uongo kuhusu kipi cha zamani na kipi kipya.

Kwetu mazoea ni kuiga. Jengo jipya la zege linapewa matao yaliyochongoka na mlango wenye misumari ya shaba, basi limekuwa "la asili". Mimi ningeridhika na nyumba ya kawaida kabisa, isiyo na nakshi hata moja, mradi isizidi kimo cha jirani, iache kichochoro na kivuli chake, na iweke baraza watu wakae. Kinachoumiza mara nyingi ni ukubwa kuliko mtindo. Shangani kuna nyumba ya katikati ya karne ya 19 iitwayo Mambo Msiige, ambayo wenyeji husimulia kuwa chokaa yake ilichanganywa na mayai. Ilipogeuzwa kuwa hoteli iliyofunguliwa 2015 na kujengewa jengo jipya ubavuni, UNESCO iliyouweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 iliulalamikia mradi huo.

Zamani sehemu kubwa ya ukarabati haikuwa mradi wala haikuwa na jina. Kabla ya Idi watu walikoroga chokaa ndooni, wakapaka ukuta wa mbele, wakaziba kiufa cha darini kabla mvua haijakikuta. Ukikwangua ukuta wa nyumba iliyotunzwa hivyo utakuta matabaka membamba meupe, moja juu ya jingine, kama kurasa. Nyumba nyingi za wakfu, ambazo kodi yake haitoshi hata ndoo ya chokaa, kurasa zake zimekatika kitambo.