Si kila pomboo hupiga mluzi

Ukitaja sauti ya pomboo, wengi hukumbuka mluzi. Ndipo ikazuka imani kwamba pomboo wote hupiga mluzi. Sivyo. Pomboo wa Hector, mdogo wa kule New Zealand, hapigi mluzi kabisa. Yeye hutoa mialiko mifupi, yaani sauti za kukatika kama "tik", ya karibu mitetemo 125,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Wataalamu wengi huona kwamba hiyo ni kinga: orka, adui wake, hasikii vizuri sauti za juu kiasi hicho. Na orka mwenyewe, tunayemwita nyangumi muuaji, ni wa ukoo wa pomboo.

Wengine hudhani sauti hutoka mdomoni, kwa kuwa mdomo ndio tunaouona ukifunguka. La hasha. Pomboo husukuma hewa kwenye njia za pua, chini ya tundu la utosini, na kuirudisha tena bila kuitoa nje. Donge la mafuta kwenye paji la uso hukusanya sauti na kuielekeza mbele, kisha mwangwi hupokewa na mafuta ya taya la chini na kufikishwa sikioni. Fuatilia pomboo anayemkaribia samaki: mwanzo mialiko huja mmoja mmoja, tik, tik, tik, kadiri anavyosogea huenda mbio, mpaka inaungana na kuwa mvumo mmoja. Kila mwangwi unamweleza pomboo mahali samaki alipo sasa hivi.

Wengine husema mialiko hiyo humzimisha samaki. Lilikuwa wazo la wanasayansi wa kweli, lililotolewa 1983. Samaki walipopigiwa sauti za namna hiyo katika majaribio, hawakuzimia.

Dhana inayopendwa kuliko zote ni kwamba pomboo wana lugha kama yetu. Kilichothibitishwa ni kidogo kuliko hicho, lakini kwangu kinatosha kustaajabisha. Pomboo pua-chupa, akiwa bado mtoto, hujitungia mluzi wake mwenyewe. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa akisikia nakala ya mluzi wake huitika, na katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo pomboo walitambua miluzi ya wenzao waliotengana nao zaidi ya miaka 20. Hayo ni majina, au kitu kinachokaribia majina. Sentensi hazijapatikana.

Mwisho, hudhaniwa kuwa pomboo hawanyamazi. Nenda pwani ya magharibi ya Kanada. Orka wanaokula samaki aina ya samoni huitana wakiwa mawindoni, kila familia kwa milio yake. Orka wa maji hayohayo wanaowinda sili, mamalia wa baharini, huogelea karibu kimya kabisa, maana sili ana masikio makali na angekimbia mapema. Sili akishauawa, ndipo nao huanza kuitana.